Kadi Milioni Arobaini: Uvamizi wa Mtandao Dhidi ya Kampuni ya Target na Mgawanyo wa Hasara Yake, 2013–2022

Utangulizi

Tarehe 19 Desemba 2013, siku sita kabla ya Krismasi, kampuni ya Target yenye makao yake makuu Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, ilitangaza kwamba taarifa za kadi za benki zipatazo milioni 40 zilikuwa zimeibwa kutoka katika maduka yake nchini Marekani. Tarehe 10 Januari 2014 ikaongeza kwamba majina, anwani, namba za simu na anwani za barua pepe za watu wapatao milioni 70 zilikuwa zimechukuliwa pia. Makundi hayo mawili yaliingiliana kwa kiasi fulani, kwa hiyo si sahihi kuyajumlisha na kupata watu milioni 110, ingawa jumla hiyo imerudiwa mara nyingi katika maandishi ya baadaye. Hata hivyo, kwa hesabu yoyote ile, sehemu kubwa ya kaya za Marekani ziliguswa na tukio hili.

Tukio hilo limekuwa likisimuliwa kwa namna mbili. Simulizi ya kwanza ni ya wadukuzi mahiri wa Ulaya Mashariki walioshinda ngome ya kampuni kubwa. Simulizi ya pili ni ya uzembe wa watendaji waliosikia kengele ya hatari wakaipuuza. Kila moja ina ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja inayoeleza kwa nini kadi iliyonakiliwa Minneapolis mwaka 2013 iliweza kutumika tena, ilhali wizi wa namna hiyo ulikuwa umepungua sana katika maduka ya Ufaransa na Uingereza. Insha hii inajenga hoja kwamba uvamizi wa Target uliwezekana, na ukawaumiza wateja kwa namna ulivyowaumiza, kutokana na ugomvi wa muda mrefu kati ya wafanyabiashara wa rejareja na mabenki kuhusu nani alipie usalama wa malipo. Ugomvi huo haukumalizwa na uvamizi. Ulihamia mahakamani, na ukaendelea huko kwa karibu miaka kumi.

Ukanda wa sumaku

Target ni zao la duka la vitambaa na bidhaa za nyumbani lililoanzishwa na George Draper Dayton mjini Minneapolis mwaka 1902. Duka la kwanza lenye jina la Target lilifunguliwa Roseville, Minnesota, mwaka 1962. Kufikia mwaka 2013 kampuni ilikuwa na maduka karibu 1,800 nchini Marekani, na mauzo yake ya mwaka huo yalikaribia dola bilioni 73. Mauzo ya namna hiyo yalitegemea kaunta za malipo zinazokwenda haraka, na kasi ya kaunta ilitegemea ukanda mweusi wa sumaku ulio nyuma ya kadi ya benki.

Teknolojia ya ukanda huo ilibuniwa na wahandisi wa IBM katika miaka ya 1960. Udhaifu wake unajulikana: taarifa zilizoandikwa juu yake ni zilezile kila kadi inapopitishwa kwenye mashine, hivyo anayezinakili mara moja anaweza kutengeneza kadi nyingine inayofanya kazi kama ile ya asili. Kadi ya chipu, kwa upande wake, hutoa alama mpya kwa kila muamala, na alama ya jana haimsaidii mwizi wa leo. Ufaransa iliingiza chipu katika kadi zote za mabenki yake kufikia mwaka 1992. Uingereza ilikamilisha mfumo wa chipu na namba ya siri mwaka 2006. Marekani, nchi iliyobuni ukanda wa sumaku, ilibaki nao.

Sababu ya kubaki nao haikuwa ya kiufundi. Mashine mpya zingewekwa madukani na zingelipiwa na wafanyabiashara. Kadi mpya zingetolewa na mabenki kwa gharama yao. Kila upande uliona kwamba faida ya uwekezaji wake ingemwendea mwenzake, na kila upande ukasubiri. Jambo ambalo simulizi nyingi hulipita ni kwamba Target yenyewe ilikuwa imejaribu kuvunja mkwamo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilitoa kadi zake zenye chipu na kufunga visomaji katika maduka yake. Mpango huo ulifungwa baada ya takriban miaka mitatu, mwaka 2004. John Mulligan, mkuu wa fedha wa kampuni, alieleza baadaye kwamba mfumo ulioendeshwa na kampuni moja peke yake haukuwa na manufaa ya maana kwa mteja. Gazeti la Wall Street Journal liliripoti sababu nyingine: ndani ya kampuni walikuwamo waliolalamika kwamba chipu ilipunguza kasi ya kaunta, na miongoni mwao alikuwa Gregg Steinhafel, ambaye miaka michache baadaye angekuwa Afisa Mtendaji Mkuu.

Maelezo hayo mawili hayapingani. Yanaonyesha kwamba miaka tisa kabla ya uvamizi swali la usalama liliwekwa kwenye mizani pamoja na swali la sekunde chache kwenye foleni, na sekunde zikashinda. Uamuzi huo haukuwa wa kipumbavu kwa hesabu za wakati ule. Wizi wa kadi ulikuwa gharama ya mabenki.

Onyo halikukosekana. Mwaka 2007 kampuni ya TJX, mmiliki wa maduka ya nguo ya T.J. Maxx na Marshalls, ilikiri kwamba taarifa za kadi zisizopungua milioni 45 zilikuwa zimeibwa kutoka katika mifumo yake. Kiongozi wa wizi huo, Albert Gonzalez, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwezi Machi 2010. Mwitikio wa sekta ulikuwa kukaza masharti ya ukaguzi ambayo kampuni za kadi zilikuwa zimeyaweka tangu mwaka 2004. Target ilipita ukaguzi huo mwezi Septemba 2013, wiki chache tu kabla ya kuvamiwa.

Njia ya kuingilia

Wavamizi hawakuanza na Target. Walianza na Fazio Mechanical Services, kampuni ndogo ya ufundi wa majokofu huko Sharpsburg, Pennsylvania, iliyokuwa na kazi katika baadhi ya maduka ya Target. Barua pepe ya kulaghai ilipandikiza katika kompyuta za Fazio programu hasidi ya kuiba manenosiri, na hivyo wavamizi wakapata nenosiri ambalo Fazio ilitumia kuingia katika mfumo wa Target.

Hapa pana kosa lililoenea sana. Imeandikwa mara nyingi kwamba Fazio ilikuwa ikifuatilia joto la majokofu ya Target kwa njia ya mtandao, na kwamba wezi walipenya kupitia majokofu hayo. Kampuni hiyo ilikanusha jambo hilo waziwazi mwezi Februari 2014: muunganisho wake ulikuwa wa kutuma ankara, kuwasilisha mikataba na kusimamia miradi tu. Masahihisho haya yanabadilisha maana ya tukio. Jokofu lililounganishwa na intaneti lingekuwa jambo geni, la kustaajabisha. Mfumo wa ankara ni jambo la kawaida kabisa, ambalo kila kampuni kubwa hulifanya na wazabuni wake. Kilichokosekana ni ukuta kati ya chumba cha ankara na kaunta za malipo. Nenosiri la fundi halikupaswa kumfikisha mtu yeyote kwenye mashine za kadi, lakini ndani ya mtandao wa Target palikuwa na njia kutoka kwa moja hadi nyingine.

Kwa mujibu wa ushahidi ambao Mulligan aliutoa mbele ya Seneti mwaka 2014, wavamizi waliingia tarehe 12 Novemba 2013. Katika nusu ya pili ya mwezi huo waliijaribu programu yao kwenye mashine chache za malipo, kama fundi anavyojaribu ufunguo kabla ya kuchonga mingine. Kufikia mwisho wa Novemba ilikuwa imesambazwa kwenye sehemu kubwa ya mashine. Majira hayo hayakuchaguliwa kwa bahati. Ijumaa ya tarehe 29 Novemba ilikuwa siku inayofuata Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo Wamarekani hujazana madukani kuliko karibu siku nyingine yoyote ya mwaka.

Programu yenyewe ilikuwa ya jamii iliyojulikana kwa jina la BlackPOS, na aina zake zilikuwa zikiuzwa katika masoko ya siri ya wahalifu kwa bei isiyozidi dola elfu chache. Ilifanya kazi kwa kunyatia. Kadi inapopitishwa kwenye mashine, taarifa zake husimbwa kabla ya kupelekwa benki, lakini kwa muda mfupi mno, kabla ya usimbaji, huwa wazi ndani ya kumbukumbu ya mashine. Programu ilizichota katika muda huo. Kisha zilikusanywa kwenye seva ndani ya mtandao wa Target wenyewe na kusafirishwa nje, ikiwemo kwenye seva zilizokuwa Urusi.

Kengele iliyolia

Miezi sita kabla ya uvamizi, Target ilikuwa imeanza kufunga mfumo wa ulinzi wa kampuni ya FireEye uliogharimu dola milioni 1.6. Jarida la Bloomberg Businessweek lilifichua mwezi Machi 2014 kwamba mfumo huo ulifanya kazi yake. Tarehe 30 Novemba uliitambua programu ngeni. Wataalamu wa Target walioko Bangalore, India, waliokuwa zamu ya kuufuatilia mfumo saa zote, waliona onyo hilo na kulipeleka Minneapolis. Maonyo mengine yalikuja tarehe 2 Desemba, siku ambayo data zilianza kutoka. Mfumo ulikuwa na uwezo wa kuifuta programu hasidi wenyewe bila kusubiri binadamu, lakini uwezo huo ulikuwa umezimwa. Target ilikiri kwamba maonyo yalifika, yakatathminiwa, na ikaamuliwa kwamba hayakuhitaji hatua ya haraka.

Ripoti ya watumishi wa Kamati ya Biashara ya Seneti, iliyotolewa tarehe 26 Machi 2014, iliorodhesha hatua kadhaa ambazo mnyororo wa uvamizi ungeweza kukatwa. Ripoti hiyo imekuwa chanzo kikuu cha waandishi wa baadaye, na inafaa kutumiwa kwa tahadhari. Iliegemea kwa kiasi kikubwa taarifa zilizokwisha kuchapishwa na vyombo vya habari, kwa hiyo anayeinukuu kama uthibitisho wa habari za magazeti mara nyingi anayathibitisha magazeti kwa magazeti. Aidha, inamtazama mlinzi kwa macho ya mtu anayejua tayari mwisho wa kisa. Idara ya usalama ya kampuni ya ukubwa ule hupokea maonyo mengi mno kila siku, na mengi kati yake si ya kweli. Uwezo wa kufuta programu bila idhini ya binadamu huzimwa na mafundi wengi kwa sababu ya hofu ya kueleweka: mfumo ukikosea Ijumaa ya msimu wa sikukuu, kaunta zinasimama. Hofu ileile ya foleni iliyoiua kadi ya chipu mwaka 2004 yamkini ilikuwapo katika uamuzi huu pia.

Hiyo haimaanishi kwamba Target haikuwa na lawama. Maonyo yalitoka kwenye kifaa kilichonunuliwa kwa kazi hiyohiyo, yakasomwa na watu walioajiriwa kwa kazi hiyohiyo, na yakajirudia.

Aliyeishtua kampuni hatimaye alitoka nje. Jioni ya tarehe 12 Desemba Idara ya Sheria ya Marekani iliiarifu Target kuhusu miamala ya kutiliwa shaka kwenye kadi zilizokuwa zimetumika madukani mwake. Siku iliyofuata viongozi wa kampuni walikutana na maafisa wa serikali. Tarehe 14 waliajiri wachunguzi wa nje. Tarehe 15 uvamizi ukathibitishwa na programu hasidi ikaondolewa karibu mashine zote. Umma haukuambiwa. Tarehe 18 Desemba mwandishi wa habari wa kujitegemea, Brian Krebs, ndiye aliyeitangaza habari hiyo, na kampuni ikaikiri kesho yake. Siku nne zilizopita kati ya uthibitisho na tangazo zilikuwa za kilele cha manunuzi ya mwaka. Kampuni ilijitetea kwamba ilihitaji muda wa kuandaa maduka na vituo vya simu kuwahudumia wateja. Vituo hivyo, hata hivyo, vilielemewa mara tu habari ilipotoka, na wateja wengi walilalamika kwamba hawakuweza kumpata mtu wa kuzungumza naye.

Mteja na salio lake

Taarifa zilizoibwa hazikukaa. Zilianza kuuzwa kwa mafungu katika maduka ya siri ya mtandaoni mapema Desemba. Krebs, aliyeyachunguza masoko hayo, aliona bei kati ya dola 20 na zaidi ya dola 100 kwa kadi moja. Kilichoipandisha thamani ya mafungu hayo ni kwamba kila kadi iliuzwa pamoja na mji na msimbo wa posta wa duka ilikoibwa. Mnunuzi aliweza kuchagua kadi za watu wa eneo lake mwenyewe na kuzitumia kwenye maduka ya jirani, bila kuamsha mifumo ya mabenki ambayo hushtuka kadi ya mtu wa Ohio inapotumika ghafla mbali na kwao. Krebs alikadiria baadaye kwamba ni kadi kati ya milioni 1 na milioni 3 tu zilizouzwa na kutumika kabla mabenki hayajazifuta nyingine.

Kwa hiyo wateja wengi hawakuibiwa fedha. Hoja hiyo ilirudiwa sana na mawakili wa kampuni, nayo ni ya kweli kwa kadiri inavyokwenda. Lakini madhara ya mteja hayakuishia kwenye fedha zilizoibwa, na hapo ndipo tofauti kati ya aina mbili za kadi inapopaswa kuelezwa. Mwenye kadi ya mkopo analindwa na sheria ya Marekani inayoweka kikomo cha dola 50 kwa matumizi asiyoyaidhinisha, na deni linalobishaniwa ni fedha za benki hadi ubishi uishe. Kadi ya akaunti ni jambo jingine. Fedha hutoka kwenye akaunti ya mteja kwanza; kuzidai kunakuja baadaye. Anayeishi kwa mshahara wa wiki hadi wiki anaweza kurudishiwa kila senti na bado akawa amechelewesha kodi ya nyumba.

Tena kwa wenye kadi za akaunti, hatua ya kuwalinda nayo ilikuwa na maumivu yake. Tarehe 21 Desemba, Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, benki ya JPMorgan Chase iliwawekea kikomo wateja wake wapatao milioni 2 waliokuwa wametumia kadi hizo Target: dola 100 kwa siku kwenye mashine za kutolea fedha na dola 300 za manunuzi. Baada ya malalamiko, benki ilifungua baadhi ya matawi yake Jumapili, kisha ikapandisha viwango hadi dola 250 na dola 1,000. Watu hao hawakuwa wamekosa lolote. Walikuwa na fedha zao benki, na wakati wa kuzihitaji kuliko mwingine wote walipewa kwa kipimo.

Tarehe 27 Desemba kampuni ilikiri jambo ambalo awali ililikana, kwamba namba za siri zilizosimbwa zilikuwa miongoni mwa vilivyoibwa. Ilisisitiza kwamba ufunguo wa kuzifungua haukuwahi kuwa ndani ya mifumo yake. Maelezo hayo hayakupingwa na ushahidi wowote uliojitokeza baadaye, lakini yalikuja baada ya wiki moja ya taarifa zilizokuwa zikisahihishwa, na kila sahihisho liliipunguzia kampuni kuaminiwa.

Fidia ya kwanza ilikuwa punguzo la bei la asilimia 10 kwa wanunuzi wote wa Jumamosi na Jumapili ya tarehe 21 na 22 Desemba. Ni vigumu kulisoma punguzo hilo kama jambo jingine zaidi ya mwaliko wa kurudi kununua. Ya pili ilikuwa mwaka mmoja wa huduma ya bure ya kufuatilia taarifa za mikopo. Huduma hiyo humjulisha mtu ikiwa mtu mwingine anafungua mkopo kwa jina lake. Haimjulishi kwamba kadi aliyonayo imenakiliwa na inatumika, yaani kosa lenyewe lililotendeka.

Vitabu vya hesabu

Athari kwa kampuni zilionekana katika robo ya mwisho ya mwaka wake wa fedha. Faida halisi ilishuka kwa asilimia 46, kutoka dola milioni 961 hadi dola milioni 520. Kampuni ilieleza kwamba mauzo yalikuwa yakienda vizuri kuliko ilivyotarajiwa hadi siku ya tangazo, kisha yakadhoofika. Hata hivyo, anguko lote la faida haliwezi kubebeshwa wadukuzi. Mwaka huohuo Target ilikuwa imefungua maduka nchini Kanada kwa haraka iliyopita kiasi, na maduka hayo yalikuwa yakila mamia ya mamilioni ya dola. Mkuu wa teknolojia, Beth Jacob, alijiuzulu mwezi Machi 2014. Steinhafel aliondoka tarehe 5 Mei, na waandishi wengi wamemwita mtendaji mkuu wa kwanza wa kampuni kubwa kuangushwa na wizi wa data. Kauli hiyo inapendeza masikioni, lakini inaiacha Kanada nje. Mwezi Januari 2015 mrithi wake, Brian Cornell, alitangaza kufungwa kwa maduka yote 133 ya huko, na wafanyakazi wapatao 17,600 wakapoteza kazi. Hakuna mdukuzi aliyewahi kuwafanyia wafanyakazi wa Target jambo la ukubwa huo.

Kwa hesabu za kampuni yenyewe, gharama za uvamizi zilifikia jumla ya dola milioni 292, ambapo bima ilirudisha takriban dola milioni 90. Kwa kampuni ya mauzo ya dola bilioni 70 kwa mwaka, hilo lilikuwa jeraha lililopona. Wateja walirudi.

Mahakamani

Mabenki na vyama vya akiba na mikopo vilitumia zaidi ya dola milioni 200 kubadilisha kadi, kwa makadirio ya jumuiya zao. Waliishtaki Target katika mahakama ya shirikisho ya Minnesota, na wateja wakafanya hivyo pia. Mwezi Desemba 2014 Jaji Paul Magnuson aliruhusu kesi zote mbili kuendelea. Uamuzi huo ulikuwa muhimu kwa historia ya sheria kuliko kiasi cha fedha kilichopatikana baadaye, kwa kuwa ulikubali kwamba mfanyabiashara anaweza kuwa na wajibu wa uangalifu kwa benki ambayo hakuwahi kuwa na mkataba nayo.

Viwango vya maridhiano vinaeleza mengi. Visa na mabenki yake walikubaliana na Target mwezi Agosti 2015 kwa kiasi kisichozidi dola milioni 67. Makubaliano ya awali na MasterCard ya dola milioni 19 yalikataliwa na mabenki kuwa ni kidogo, na mwezi Desemba mwaka huo yakapatikana mengine ya dola milioni 39. Majimbo 47 pamoja na Wilaya ya Columbia yalipata dola milioni 18.5 mwezi Mei 2017, pamoja na sharti la kutenganisha sehemu ya mtandao yenye taarifa za kadi na sehemu nyingine, yaani ule ukuta uliokosekana mwaka 2013. Wateja, kundi kubwa kuliko yote, walitengewa dola milioni 10. Mawakili wao waliruhusiwa kudai hadi dola milioni 6.75 kando ya kiasi hicho.

Mteja aliyekuwa na nyaraka za hasara yake angeweza kulipwa hadi dola 10,000. Asiye na nyaraka angesubiri mgao wa kilichobaki, na asiye na hasara yoyote ya kuonyesha asingepata kitu, ingawa naye alikuwa akipoteza haki ya kushtaki siku zijazo. Pingamizi juu ya hoja hiyo lilifika Mahakama ya Rufaa, ambayo mwaka 2017 iliirudisha kesi kwa jaji wa kwanza ili aeleze vizuri zaidi jinsi watu wenye masilahi tofauti walivyowekwa katika kundi moja. Maridhiano yalithibitishwa tena, na rufaa ya mwisho ikashindwa mwaka 2018. Saa ambazo mtu alizitumia kwenye simu akisubiri kuhudumiwa, au kusahihisha malipo ya kila mwezi yaliyofungwa kwenye kadi iliyofutwa, hazikuwa na stakabadhi.

Chipu nayo ilikuja hatimaye. Target ilitenga dola milioni 100 kuharakisha mashine na kadi mpya. Tarehe 1 Oktoba 2015 kampuni za kadi zilianza kutumia kanuni waliyokuwa wameipanga tangu kabla ya uvamizi: hasara ya kadi bandia inamwangukia yule ambaye hajaweka chipu, awe benki au mfanyabiashara. Kilichokuwa kimeshindikana kwa miaka mingi ya kungojeana kilisogea mara tu gharama ya kungoja ilipopewa mwenyewe.

Watu walioendesha uvamizi hawajawahi kufikishwa mahakamani kwa kosa hilo. Aliyekaribia zaidi ni Ruslan Bondars, mkazi wa Latvia, aliyehukumiwa kifungo cha miaka 14 mwaka 2018 katika jimbo la Virginia kwa kuendesha huduma iliyowawezesha wahalifu kupima kama programu zao zinaweza kutambuliwa na mifumo ya ulinzi. Waendesha mashtaka walieleza kwamba huduma hiyo ilitumiwa kuipima programu iliyotumika mwezi Novemba 2013 dhidi ya kampuni kubwa ya rejareja na kusababisha wizi wa kadi zipatazo milioni 40. Jina la kampuni hawakulitaja.

Kesi ya mwisho haikumhusu mdukuzi wala mteja. Mwezi Novemba 2019 Target iliishtaki kampuni yake ya bima, ACE American, ikidai irudishiwe fedha ilizowalipa mabenki kwa ajili ya kadi mpya. Bima ilihusu upotevu wa matumizi ya mali inayoshikika, na mabishano yakawa kama kadi ya plastiki ambayo haijavunjika wala kupotea, lakini haiwezi tena kulipia chochote, imepoteza matumizi yake. Mwezi Februari 2021 mahakama ilijibu kwamba Target haikuthibitisha hivyo. Ilipoombwa kulifikiria upya, mwezi Machi 2022, ilijibu kwamba imepoteza, na kwamba bima inapaswa kulipa.